Bega lililoganda: jinsi mazoezi ya pole yanavyosaidia

Bega lililoganda ni hali ambapo utando unaozunguka kiungo cha bega huvimba, hunenepa na kukaza. Huwapata hasa watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi ya wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wengine. Huanza kwa maumivu, hufuata kukakamaa, kisha bega hulegea taratibu. Mara nyingi huchukua mwaka 1 hadi 3.

Kwa mama wa kambi ya Dzaleka au mtaa wa Mtandire, jijini Lilongwe, kutua ndoo kichwani au kumfunga mtoto mgongoni huwa mtihani.

Pilates, mbinu iliyoasisiwa na Mjerumani Joseph Pilates (1883–1967), huunganisha pumzi, mkao na mwendo wa polepole. Haiponyi bega kwa siku moja, bali husaidia kulinda mwendo uliosalia. Mkeka watosha. Lala chali, kunja magoti, shika fimbo kwa mikono miwili. Mkono mzima uuinue ule unaouma huku ukitoa pumzi. Kisha keti wima, uvute makombe ya mabega nyuma na chini.

Kuvutika kidogo si hatari. Maumivu makali ni ishara ya kuacha. Aliyeanguka, mwenye homa au bega lililovimba amwone mhudumu wa afya kwanza. Maumivu ya bega yanayoandamana na kubanwa kifua huhitaji hospitali mara moja.