Noti Mbovu za Rupia

Mtu wa Runzewe akiletewa punje ya dhahabu anazo njia za kuijaribu. Akiletewa noti ya Mjerumani iliyotoka katika sanduku la babu, aghalabu huupima uzuri wake tu, na hapo ndipo apoteapo. Noti nzuri zilikuwapo kweli, zile za 1905 zilizopigwa chapa Leipzig. Lakini vita vya 1914 vilifunga njia ya bahari; basi tangu 1915 noti za muda zikachapwa humu humu nchini juu ya karatasi yoyote iliyopatikana, zikatiwa sahihi kwa mkono na watu wengi. Za 1917 zilipigwa kwa herufi za mpira, mchezo wa watoto. Ubovu huo si dalili ya hila.

Mkusanyaji na ashike kioo cha kukuzia, aitazame sahihi. Wino wa kalamu huzama katika nyuzi za karatasi, hukolea na kufifia. Sahihi ya kunakiliwa kwa mashine aghalabu huonyesha vitone. (Wala noti isipigwe pasi!) Mimi sihofu sana noti ya uongo kununuliwa, nahofu ya kweli kutupwa jalalani kwa kukosa sura ya fedha.

Noti ya 1917 ikionekana Runzewe, hapana budi kuuliza pia ilifikaje. Upande huu ulikwisha kushikwa na Wabelgiji tangu 1916, na Wajerumani walikuwa kusini. Yamkini aliileta mpagazi, au askari aliyerudi kwao na mshahara usionunua kitu.