Kwa nini makaburi ya kale yanatunasa kwenye gemu na muvi?

Mlango wa jiwe unasogea. Ndani ni giza, vumbi na utando wa buibui. Steringi anajua fika kuwa wengi walioingia humo hawakutoka, ila anaingia tu. Na wewe uliyeshika simu hubanduki.

Mambo yalianzia wapi?

Tarehe 4 Novemba 1922, kikosi cha Mwingereza Howard Carter kilikuta ngazi iliyofukiwa katika Bonde la Wafalme, karibu na Luxor, Misri. Ilishuka hadi kwenye kaburi la Tutankhamun, farao aliyefariki akiwa kijana wa miaka 19 hivi. Ndani vilikutwa vitu zaidi ya 5,000, kikiwemo kinyago cha dhahabu.

Aprili 1923 mfadhili wa kazi hiyo, Lord Carnarvon, alifariki Cairo. Chanzo kilikuwa jeraha la kung'atwa na mbu lililopata maambukizi, lakini magazeti yakavumisha "laana ya farao". Carter mwenyewe aliishi hadi 1939!

Uvumi ukageuka biashara. Ikaja muvi ya The Mummy (1932), Raiders of the Lost Ark (1981), kisha gemu ya Tomb Raider (1996) na Lara Croft wake.

Utamu uko wapi?

- Siri: mlango uliofungwa humfanya mtu atake kujua kilichoko nyuma yake.
- Hatari isiyoua: ukitumbukia shimoni, unaanza upya.
- Mafumbo: unasukuma jiwe, unavuta wenzo, mlango unafunguka. Unajiona mjanja.
- Mwiko: wengi wetu utotoni tulikatazwa hata kunyooshea kaburi kidole. Kwenye gemu unaingia mpaka ndani, na hakuna wa kukugombeza.

Ukweli ukoje?

Mishale inayofyatuka ukutani na mawe yanayobingirika ni mambo ya muvi kwa kiasi kikubwa. Wamisri walitegemea zaidi kuficha makaburi na kuziba njia kwa mawe. Hata hivyo wezi waliingia, na kaburi la Tutankhamun nalo liliibiwa zamani hizo hizo.

Steringi humaliza kazi kwa dakika 10 na kuacha kifusi. Carter alihitaji karibu miaka 10 kutoa vitu na kuviorodhesha kimoja kimoja.

Huko China, wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974 waligundua askari wa udongo wa mfalme Qin Shi Huang. Chumba alichozikwa mfalme huyo hakijafunguliwa hadi leo, kwa kuhofia kuharibu kilichomo.

Kwa hiyo cheza, tazama, furahi. Ila kwenye muvi hazina haina mwenyewe, na kwenye kaburi la kweli mwenyewe yupo. Kinyago cha Tutankhamun kilishahamishwa, lakini yeye bado amelala kule kule Luxor.

Ingekuwa wewe, ungeufungua ule mlango?