Mwezi wa Goziba na Saa ya Greenwich

Kisiwa cha Goziba kimo ndani sana katika Ziwa Victoria, mbali na pwani ya Muleba ambayo wilaya yake hukitawala. Mtu asimamaye pale alfajiri huliona jua likitoka majini, na jioni huliona likizama majini vilevile. Pahali kama hapo pafaa kuanzia swali ambalo wanachuoni wamelizungushia maneno mengi: je, watu wa Mashariki na watu wa Magharibi hufikiri kwa namna mbili zilizo mbalimbali?

Jibu la kawaida lajulikana. Husemwa kwamba Mashariki hulitazama jambo zima pamoja na mazingira yake, na Magharibi hulikata vipande. Kwamba kwa Mashariki wakati ni duara, na kwa Magharibi ni mstari. Mwaka 2003 Richard Nisbett wa Chuo Kikuu cha Michigan alitoa kitabu kizima juu ya tofauti hiyo, akiwalinganisha hasa watu wa Asia ya Mashariki na Wamarekani. Afrika haina nafasi kubwa katika mizani hiyo, na yamkini ni heri, maana mizani yenye sahani mbili tu hulazimisha kila kitu kilale upande mmoja. Basi na lichukuliwe jambo moja dogo, kuhesabu wakati, litazamwe kutoka kisiwani.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za umeme wa jua. Dagaa huufuata mwanga, kisha huzungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake hutanda juu ya maji yote, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwaita samaki. Kwa hiyo siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, na wengine huvuka kwenda bara kuwaona jamaa zao. Bwana wa afisini akishuka kisiwani siku hizo na kalenda yake mkononi, akawakuta vijana wazima wamelala kivulini siku ya Jumanne saa nne ya asubuhi, ni rahisi mno aandike neno ‘uvivu’ katika taarifa yake. Lau angalikuja wiki mbili baadaye, usiku wa giza, asingaliwakuta nchi kavu.

Kuutazama mwezi kwa namna hii kuna khabari yake ya kale katika nchi hizo hizo za Kagera. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, bara, magharibi ya Muleba, akapokewa na Mukama Rumanyika. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 Speke ameeleza sherehe ya mwandamo: ngoma nyingi zilipangwa, wakuu wakaja mmoja mmoja kuonyesha utii wao, ili kila mwezi ijulikane ni nani aliye bado pamoja na mfalme. Wala Speke mwenyewe hakuwa mgeni wa mwezi. Katika safari ile alikuwa akipima umbali ulioko baina ya mwezi na nyota ili apate longitudo, yaani ajue yuko wapi duniani. Mwezi uliokuwa juu yao ulikuwa mmoja. Rumanyika aliutumia kujua watu wake, na Speke aliutumia kujua mahali pake. Ni nani kati yao aliyekuwa na fikira za duara, na ni nani mwenye mstari? Kila mmoja alikuwa na haja yake, akakitumia chombo kilichokuwapo mbinguni.

Tena Rumanyika alimwuliza mgeni wake kama jua la leo ndilo lile la jana, au hutoka jipya kila siku; na kama mwezi hubadili uso wake ili kuwacheka wanadamu. Msomaji wa haraka atacheka, aone hapo utoto wa fikira. Lakini Speke, ambaye sifa kwa Waafrika hazikumtoka kwa wingi, alikiri akili ya mfalme huyu. Na swali la jua ni zito. Mtu anajuaje kuwa kitu kilichopotea machoni usiku kucha ndicho kile kile kilichorudi? Heraclitus wa Efeso, ambaye vitabu vya Magharibi humweka miongoni mwa mababu wa falsafa yao, alishikilia kwamba jua ni jipya kila siku. (Na Efeso, ikumbukwe, ni mji wa pwani ya Asia.)

Zitazamwe sasa saa za mchana. Mswahili huhesabu tangu macheo: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana iliyokwisha, saa sita ni adhuhuri. Waganda huhesabu hivyo, na Wahabeshi vilevile. Kwa desturi ya Kiislamu siku yenyewe huanza jua linapotua, ndiyo sababu usiku wa Ijumaa, kwa wazee wa pwani, ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Hata ndani ya Mashariki hesabu hazikupatana: katika juma la Kiswahili, Jumatano hufuatwa na Alhamisi, na majina yote mawili maana yake ni ‘ya tano’, moja kwa hesabu ya kuanzia Jumamosi na jingine kwa hesabu ya Waarabu ya kuanzia Jumapili. Hakuna aliyechelewa sokoni kwa sababu hiyo.

Mtu aweza kudhani kwamba hapa ndipo ulipo mpaka wenyewe: Mashariki hufuata jua, na Magharibi hufuata mashine. Lakini Warumi nao waliugawa mchana katika saa kumi na mbili tangu macheo. Msomaji wa Injili kwa Kiswahili akikuta giza la saa sita hadi saa tisa, huelewa mara moja. Mwingereza asomaye tafsiri yake ya zamani hana budi kupiga hesabu kwanza. Neno lenyewe ambalo Waingereza huitia adhuhuri latokana na Kilatini cha ‘saa ya tisa’. Wazungu waliiacha desturi hiyo baada ya saa za mashine kuwekwa katika minara ya miji yao tangu karne ya 14. Hata hapo kila mji ulibaki na adhuhuri yake. Saa za Bristol zilikuwa nyuma ya saa za London kwa dakika kama 10, kwa kuwa jua hufika Bristol baadaye. Reli ndiyo iliyovunja mambo: treni mbili haziwezi kupita njia moja kwa adhuhuri mbili. Mwaka 1847 makampuni ya reli yalishauriwa yafuate saa ya Greenwich, mwaka 1880 ikawa sheria ya Uingereza, na mwaka 1884 mkutano wa mataifa mjini Washington uliiweka Greenwich kuwa chanzo cha kuhesabia longitudo duniani.

Basi watu wa Bristol walifikiri namna gani kabla ya reli? Kimashariki? Waliotoka kwenye jua wakaingia katika ratiba walikuwa wale wale, katika maisha ya mtu mmoja.

Goziba haikuulizwa. Tanzania leo hutumia saa ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari usioigusa nchi ya Tanzania hata kidogo. Hupita karibu na Mogadishu. Kisiwa kiko magharibi ya mstari huo kwa nyuzi kama 12, na kila nyuzi ni dakika 4 za jua. Kwa hiyo saa ya mkononi humtangulia jua wa Goziba kwa karibu dakika 50. Isomapo saa moja ya asubuhi, hesabu ambayo maana yake ni kwamba jua limekwisha kaa saa nzima, mwezi wa Februari jua ndiyo kwanza linatoka majini. Hii ni ajabu kidogo: maneno ni ya jua la mahali, mishale ni ya jua la mbali, na watu huishi na yote mawili bila kugombana nayo.

Palipokuwa na ugomvi ni pale hesabu ilipoandamana na mshahara. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni, mfanyakazi alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na ‘mwezi’ wake ulikwisha siku zile zilipokwisha kutiwa alama zote, hata kama kalenda na mwezi wa mbinguni vyote viwili vilikuwa vimekwisha pita. Neno lilibaki lile lile. Aliyeugua, au aliyekwenda kumzika mzazi wake, aliuona mwezi mpya ukiandama naye yungali katika mwezi wa jana. Wasimamizi wengi walisema Mwafrika hana hisi ya wakati. Yaelekea alikuwa nayo, na ndiyo maana alinung’unika.

Dai hilo lilipata vazi la elimu mwaka 1969, pale John Mbiti wa Kenya alipoandika kwamba katika fikira za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili, alizoziita kwa Kiswahili Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Mbiti alitaka kuonyesha kuwa Waafrika wana falsafa yao, na kwa hilo astahili heshima. Lakini Mhaya apandaye mbuni hungoja miaka mitatu au minne kabla ya kuchuma, naye hupanda katika kibanja atakachorithi mtoto wake. Mwenye mtumbwi wa Goziba hukopa nyuzi na mafuta leo kwa ahadi ya giza lijalo, na mkopeshaji hukubali, kwa kuwa wote wawili wajua giza hilo litaingia lini. Huo ni wakati ujao wenye deni juu yake.

Jioni simu ya mvuvi huandika 19:00, wakati ambapo jua ndiyo kwanza limetua. Yeye husoma ‘saa moja’ bila kuhesabu vidoleni, kisha hutazama juu kuona kama mwezi umekwisha toka, kabla hajaamua kuwasha taa.