Thumni ya Nguvu: Tarehe ya Vigari vya Chumvini

Tarehe za mbio za kasi ya nchi kavu hurudia majina yale yale: Campbell, Cobb na madereva wenzao wa magari yaliyofungwa injini za ndege. Wanastahili kukumbukwa, lakini akili ya fani hii imekaa zaidi kwa mafundi wa ridhaa wenye vigari vikuukuu vya injini ndogo, na nasema hivyo kwa hesabu, si kwa kuwaonea huruma wanyonge. Nguvu ya kupasua upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi: ukitaka kukimbia maradufu kwa umbo lile lile, tafuta nguvu mara nane. Mwaka 1935, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani, Malcolm Campbell alifikia kilomita 484 kwa saa kwa injini ya Rolls-Royce ya lita 36 na ushei, nguvu za farasi zipatazo 2,300. Mwaka 1957, palepale, Stirling Moss alifikia 395 ndani ya MG EX181 yenye injini ya lita moja na nusu, farasi 290 hivi. Hiyo ni thumni ya nguvu za Campbell, na thumni ingestahili kuleta nusu tu ya kasi, yaani 242. Kilomita 153 za ziada zililetwa na bati: bodi iliyochongwa kama tone la maji, nene mbele na kuchongoka nyuma, dereva kalazwa puani, injini mgongoni pake.

Mtu atasema MG ilikuwa na kiwanda na Moss hakuwa wa ridhaa. Kweli. Ila miaka kumi na moja kabla yake, mwaka 1946, Bill Burke wa California alichukua tangi la akiba la mafuta la ndege ya P-51, chakavu lililobaki baada ya vita, akalifanya bodi ya gari. Lilimbana, akahamia tangi kubwa zaidi la P-38: dereva mbele, injini nyuma. Mhandisi yeyote angelichora umbo lile kwa gharama kubwa. Burke alilikuta limeshachorwa na watu wa ndege, akalinunua kwa bei ya chuma chakavu.

Hoja nzito zaidi ni ya madaraja. Chama cha mbio cha SCTA, kilichoundwa California mwaka 1937 na kuanzisha Speed Week, wiki ya mbio za Bonneville, mwaka 1949, hugawa magari kwa ujazo wa injini, aina ya bodi na mafuta, hata injini za zamani za Ford zenye vali za pembeni zikapata daraja lao. Wapinzani hulalamika kwamba milango ikizidi, kila mtu hutoka na rekodi. Wanasahau masharti. Anayeipita rekodi katika mbio za kwanza hulipeleka gari kwenye uwanja wa ulinzi, ambako muda wa kuligusa una kikomo, na kesho yake asubuhi hukimbia tena. Inayoandikwa ni wastani wa mbio mbili. Injini iliyokamuliwa kupita kiasi jana, leo hutema mafuta. Isitoshe, bila daraja fundi wa silinda nne angeshindana na pochi ya tajiri. Akiwa na daraja, anashindana na upepo.

Kinachovikaba vigari sasa ni ardhi. Speed Week ya 2014 ilifutwa kwa sababu ya maji, na ya 2015 nayo haikufanyika kwa sababu chumvi haikuwa na njia ndefu ya kutosha. Ziwa kavu la El Mirage, California, lipo, ila njia yake ni kama kilomita 2 tu. Gari la farasi elfu hushika kasi upesi. La thumni hukusanya kasi polepole, kilomita baada ya kilomita, kwa hiyo chumvi ikifupika ndilo la kwanza kukatwa pumzi.