Utani juu ya Filamu Duni: Msimulizi wa Kibandani katika Historia ya Afrika Mashariki na Nafasi yake katika Kiswahili cha Bujumbura

1.0 Utangulizi

Filamu duni nyingi husahauliwa upesi. Chache hupata bahati ya kupendwa kwa sababu ya kasoro zilezile zilizowafanya wahakiki wazipuuze. Nchini Marekani mapenzi ya namna hiyo yalipata umbo maalumu tarehe 24 Novemba 1988, kituo cha televisheni cha KTMA mjini Minneapolis kilipoanza kurusha Mystery Science Theater 3000, kipindi kilichobuniwa na Joel Hodgson. Humo, mtu mmoja na vikaragosi vya roboti hutazama filamu mbovu mwanzo hadi mwisho huku wakiitania. Mwaka 2006 Michael J. Nelson, aliyewahi kuongoza kipindi hicho, alianzisha RiffTrax ili kusambaza utani wa aina hiyo kupitia intaneti, na mwaka 2017 kipindi chenyewe kilifufuliwa na Netflix.

Ni rahisi kudhani kwamba sanaa ya kuizungumzia filamu huku ikiendelea imetufikia kutoka huko. Makala haya yanaonesha kwamba Afrika Mashariki ina historia yake ya sanaa hiyo, ndefu kuliko ya Minneapolis. Hoja kuu ni kwamba msimulizi wa filamu wa vibandani anaeleweka vyema zaidi tukimtazama kama mtani kuliko tukimtazama kama mfasiri, na kwamba tofauti kati ya utani na dhihaka ndiyo inayopaswa kuongoza sera kuhusu kazi yake.

Utani ni taasisi iliyochunguzwa kwa muda mrefu. A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu ya mahusiano ya mizaha mwaka 1940, na R. E. Moreau akaandika juu ya utani wa Tanganyika katika mwongo huohuo. Kila aliyewahi kuhudhuria msiba wenye watani anajua kanuni yake: mtani ana ruhusa ya kusema asichoweza kusema mwingine, lakini pia ana wajibu wa kushughulikia mazishi. Warundi nao wana mizaha ya abavyara, yaani watoto wa shangazi na wa mjomba. Katika desturi hizi kicheko hufungamana na wajibu. Dhihaka haina wajibu wowote. Mwenye kudhihaki hucheka kisha akaenda zake.

2.0 Sauti ya Serikali: 1935 hadi 1955

Msimulizi wa kwanza wa filamu anayejulikana vizuri katika eneo letu alikuwa mtumishi wa mamlaka. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio ulioongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham ulitengeneza filamu 35 katika kituo cha Vugiri, milima ya Usambara. Filamu hizo zilihusu kilimo, afya, akiba ya posta na mafunzo mengine ya namna hiyo. Sauti yake ilirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, kikiwamo Kiswahili, na ilikuwa kazi ngumu kuifanya sahani iende sambamba na picha.

Kuanzia mwaka 1939, Kitengo cha Filamu cha Makoloni cha Uingereza kiliendeleza kazi hiyo kwa magari ya sinema. William Sellers, aliyekiongoza, aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka; kwa hiyo filamu zilitengenezwa kwa mwendo wa pole, bila mbinu za kamera. Pembeni ya gari alisimama mfafanuzi mwenye kipaza sauti, aliyewaeleza watu walichokuwa wakikiona.

Mpango huu ulikuwa na mwanya mkubwa. Mtawala alimiliki picha, lakini hakumiliki maneno. Afisa asiyeijua barabara lugha ya kijiji hakuwa na njia ya kuhakiki kama sentensi iliyowafanya watu mia mbili wacheke ilikuwa katika mwongozo aliopewa mfafanuzi. Kitengo hicho kilifungwa mwaka 1955, lakini kilikuwa kimewazoesha watu jambo moja: filamu si kamili mpaka mtu wa lugha yako aizungumze.

3.0 Kutoka Gari la Sinema hadi Kibandani

Kanda za VHS zilipoenea katika miaka ya 1980, sinema ilitoka mikononi mwa serikali na makampuni ikaingia katika vyumba vya mabati na mabanzi. Dar es Salaam viliitwa vibanda umiza, kwa kuwa mtazamaji alibanwa kwenye benchi hadi akaumia. Kampala viliitwa bibanda, neno ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa. Filamu zilizooneshwa zilikuwa za Hong Kong, za India, na za mapigano kutoka Marekani, nyingi zikiwa za daraja la chini hata huko zilikotoka.

Hapo ndipo mfafanuzi alipozaliwa upya. Nchini Uganda aliitwa VJ, na wenyewe huzifafanua herufi hizo kuwa “video joker”, yaani mtani wa video. Tanzania ilimpata Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, na baada yake wengine kama King Rich, ambaye usimulizi wake wa filamu ya kutisha ya Nijeria, Karishika, umechambuliwa na mwanaanthropolojia Matthias Krings. Kenya ilimpata DJ Afro, anayechanganya Kiswahili na Sheng. Nchini Rwanda filamu za namna hii huitwa agasobanuye, jina linalotokana na kitenzi gusobanura, yaani kueleza au kufafanua.

Kazi ya wasimulizi hawa hupita mipaka ya tafsiri. Msimulizi humpa jambazi wa Hong Kong jina la mtaani, humkemea shujaa anayechelewa kufyatua risasi, na hueleza bei ya gari linaloungua. Huonya kwamba askari huyu hatafika mwisho wa filamu, na kama mazungumzo yamekosa maana huyatungia maana nyingine. Mtazamaji anajua kwamba anadanganywa kidogo, na amelipa ili adanganywe kwa ustadi. Kwa njia hiyo filamu iliyotengenezwa kwa haraka na kusafirishwa kama bidhaa ya bei rahisi hugeuka kuwa jambo la kwao.

4.0 Wakaliga: Utani Uliookoa Filamu

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Huko Isaac Nabwana alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, studio inayojulikana duniani kwa jina la Wakaliwood. Nabwana amesimulia kwamba utotoni hakuwa mtu wa kwenda sinema. Alizijua filamu kwa kusimuliwa na kaka zake waliokuwa wameziona. Kwa maneno mengine, msanii huyu alizaliwa na usimulizi kabla hajazaliwa na kamera.

Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa fedha ambazo kwa kawaida hutajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki ziliundwa kwa mbao na vyuma chakavu, helikopta ilichorwa kwa kompyuta aliyoiunga Nabwana mwenyewe, na waigizaji walikuwa majirani. Juu ya picha hizo inasikika sauti ya VJ Emmie. Huisifia filamu kupita kiasi, humcheka mhusika anayekufa vibaya, humhimiza mtazamaji asiondoke kwa kuwa mapigano yanakuja, na hulitaja jina la mtaa wake kwa fahari.

Jambo la kihistoria la kuzingatia ni hili. Nabwana hakuwa na uwezo wa kuhifadhi kila alichokipiga. Ilibidi afute kazi iliyopita ili kupata nafasi ya kazi inayofuata. Toleo lisilo na sauti ya msimulizi limepotea. Lililobaki, lililowekwa bure kwenye intaneti mwaka 2015 na kutazamwa na mamilioni ya watu, ni lile lenye utani wa VJ Emmie. Mtani, ambaye sheria ingeweza kumwita mharibifu wa kazi ya mwenzake, ndiye aliyeifikisha kazi hiyo kwa vizazi vya baadaye. Filamu nyingine ya studio hiyo, Crazy World, ilioneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2019.

Ulinganisho na Minneapolis una faida hapa. Kule, watani walikutana na filamu za watu waliokuwa mbali nao kwa miaka na kwa mahali. Wakaliga, mtani na mtengenezaji wanaishi mtaa mmoja na wanagawana matokeo. Filamu ikishindwa, mtani naye ameshindwa. Huo ndio wajibu wa mazishi tulioutaja mwanzoni.

5.0 Bujumbura, Njiapanda ya Sauti

Kiswahili cha Bujumbura kina historia inayofanana kwa kiasi fulani na ya filamu duni. Usumbura ulipoanza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, wafanyabiashara na watu waliotoka Ujiji na Manyema. Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916, Kirundi na Kifaransa vilipewa kanisa, shule na ofisi, nacho Kiswahili kikabaki sokoni, ziwani na katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza. Kwa muda mrefu kumwita Mrundi “Umuswahili” kulimaanisha pia mjanja wa mjini, asiyeaminika.

Hata hivyo, lugha iliyodharauliwa iliendelea kupata wasemaji. Wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao waliorejea kutoka Tanzania walirudi nayo. Wavuka mpaka wa Uvira waliingia nayo kila siku. Na muziki na filamu za Tanzania zikaipa mvuto kwa vijana. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kikapata nafasi shuleni, ingawa Kiingereza ndicho kilichoongezwa kuwa lugha rasmi mwaka 2014. Katika sinema yenyewe nchi ina urithi mdogo lakini wa heshima, tangu Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo mwaka 1992 hadi tamasha la FESTICAB lililoanzishwa mwaka 2009.

Bujumbura basi umekaa mahali ambapo usimulizi wa Dar es Salaam, wa Kigali na wa Kongo ya mashariki unaweza kusikika na kueleweka na mtu mmoja. Mtafiti wa Kiswahili cha mji huu ana mengi ya kujifunza kutokana na kanda za wasimulizi: namna ya kuhamisha msimbo, uundaji wa majina, na sarufi ya mazungumzo ambayo vitabu vya kiada havina. Shule inamfundisha mtoto wa Buyenzi kwamba Kiswahili chake kina makosa. Kibanda kinamfundisha kwamba kinaweza kubeba hadithi ya dunia nzima. Mtunga sera wa lugha anahitaji kuzisikiliza sauti zote mbili.

6.0 Sheria, Hatari na Hifadhi

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya hakimiliki. Tanzania ina sheria ya mwaka 1999, Kenya ya 2001, Burundi ya 2005 na Uganda ya 2006, na msingi wake ni mmoja: anayetafsiri kazi ya mwingine anahitaji ruhusa. Kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya kazi za wasimulizi ni haramu, na watengenezaji wa filamu wa ndani wana haki ya kulalamika kwamba wanashindana na bidhaa isiyolipiwa. Mfano wa Wakaliga unaonesha njia: mwenye filamu na msimulizi wanaweza kufanya kazi kwa makubaliano. Leseni nafuu ya usimulizi ingeweza kuanza na filamu za ukanda wetu, ambazo wenyewe wanapatikana.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, hasa katika nchi za Maziwa Makuu. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza mwaka 1993, iliwavuta wasikilizaji kwa muziki na mizaha kabla ya kuwa chombo cha mauaji ya kimbari. Hakuna mshauri wa sera mjini Bujumbura atakayekubali kuambiwa kwamba kicheko ni jambo salama siku zote. Ndiyo maana tofauti kati ya utani na dhihaka si suala la istilahi tu. Utani una alama tatu zinazoweza kupimwa: anayetaniwa anaweza kujibu, mtani anashiriki hatima ya anayemtania, na mzaha hauondoi utu wa mtu wala wa kundi lake. Msimulizi anayecheka helikopta ya karatasi ametimiza masharti hayo. Anayetumia filamu kulicheka kabila la jirani amevunja yote matatu, na jina la usanii halimkingi.

Lililo la haraka kuliko yote ni hifadhi. Kanda za VHS huharibika kwa unyevu, na diski huchubuka. Vyuo vikuu vya ukanda huu, vikishirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, vinaweza kukusanya nakala na kuwahoji wasimulizi wazee wangali hai. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kamusi moja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia sauti moja kutoka Vugiri mwaka 1935 hadi Wakaliga. Ilianza ikiwa sauti ya mtawala, ikawa ya mtaa, na hatimaye ikawa sehemu ya filamu yenyewe. Katika safari hiyo imefanya kazi ambayo taasisi zetu za lugha hazijaitambua: imechukua kazi zilizodharauliwa, ikazisema kwa lugha iliyodharauliwa, na watu wakazipenda zote mbili. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na tangu hapo hotuba hazijakosekana. Inapendekezwa kwamba hotuba hizo ziambatane na orodha ya kanda zilizookolewa, na kwamba Bujumbura, ambamo sauti hizi hukutana, uwe miongoni mwa miji ya kwanza kuanza kuiandika.