Kifungu cha 15 na geti lililofungwa

Mwaka jana kazini kwetu tuliitwa semina ya siku mbili. Mada: uongozi wa kisasa na utamaduni wa taasisi. Mwezeshaji alikuwa kijana mchangamfu, slaidi zake nzuri, na jambo alilotaka tuondoke nalo lilikuwa moja: kiongozi ni mtumishi. Kiongozi anasikiliza. Kiongozi hajikwezi. Alituambia kwamba haya ni mawazo mapya, yameibadili biashara huko duniani, na sasa yamefika kwetu. Mama wa chai alikuwa amesimama mlangoni na sinia lake, anangoja slaidi iishe ndipo apite. Ilikuwa slaidi ndefu.

Mimi akili yangu ilishatoka ukumbini. Nilikuwa nakiona kijitabu cha marehemu baba, kimekunjamana, kimepigiwa mistari kwa kalamu ya bluu kwenye aya moja tu. Ni Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, na aya yenyewe ni kifungu cha 15.

Nieleze kidogo kwa wale ambao historia hii waliipitia haraka darasani. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Kesho yake tu mabenki yakataifishwa, na kwa siku zilizofuata yakafuata makampuni ya bima, vinu vya nafaka, na biashara kubwa za kuagiza na kuuza nje. Viwanda kadhaa serikali ilichukua hisa nyingi zaidi, haikuchukua vyote. Hapo ndipo penye jambo ambalo mara nyingi tunaliruka. Kubadilisha mwenye mali ni kazi ya karatasi, inaweza kwisha wiki moja. Lakini nani atakiendesha kiwanda Jumatatu asubuhi? Mara nyingi jibu lilikuwa: walewale. Kulikuwa na mikataba ya uendeshaji, kampuni iliyokuwa mwenye mali jana leo inalipwa ada kukiendesha kilekile. Na pale walipoingia Waafrika, waliingia kwenye kiti kilekile, ofisi ileile, gari lilelile, kengele ileile ya kumwitia tarishi. Watu wa mjini wakapata jina lao, wabenzi, na nadhani jina hilo linaeleza uchumi wa miaka ile kuliko vitabu vingi nilivyosoma.

Baba aliingia hivyo. Alikuwa karani wa mishahara kwenye kiwanda kimoja cha Dar es Salaam (sitakitaja), na kufikia 1970 akawa afisa utumishi. Kijana wa darasa la kumi mwenye tai. Mama anasema alipopandishwa cheo alinunua viatu viwili kwa mpigo.

Mwaka huohuo, Februari 1970, ulitoka waraka wa Rais kuhusu kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Wazo lilikuwa zuri: mfanyakazi ashirikishwe. Ila baraza lilikuwa la kushauri, si la kuamua, na ndani yake wakubwa hawakukosa viti. Watu walikaa, wakasikilizwa, wakarudi kwenye mashine. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja, NUTA, kilichoundwa 1964 baada ya vyama huru kuvunjwa, na uongozi wake wa juu uliteuliwa na Rais. Kwa hiyo mwenye dukuduku hakuwa na mlango mwingi wa kugonga.

Kisha Februari 1971 ukaja Mwongozo. Uliandikwa kwa hofu, na ni vizuri kukumbuka hivyo. Novemba 1970 Wareno walikuwa wameivamia Guinea ya Sékou Touré. Januari 25, 1971 Idi Amin akampindua Obote, jirani kabisa. Sehemu kubwa ya Mwongozo inazungumzia ulinzi, mapinduzi, ubeberu, jeshi la mgambo. Waandishi wake walikuwa wanauliza: ikitokea hapa kwetu, wananchi watakuwa upande gani? Jibu lao lilikuwa kwamba mwananchi hawezi kulinda kitu ambacho kinamdharau. Ndiyo maana ndani ya waraka wa usalama ikajikuta aya ya tabia. Kifungu cha 15 kinasema, kwa maneno yangu, kwamba lazima kuwe na jitihada za makusudi za kujenga usawa kati ya viongozi na wanaoongozwa. Kwamba kiongozi ni marufuku kuwa mwenye majivuno, anasa, dharau na uonevu. Kwamba awe mtu anayeheshimu watu. Basi. Aya fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa.

Kama msomaji wa fasihi, hiki ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Sijui aya nyingine ya Kiswahili cha nathari iliyotoa watu kazini. Mashairi yamewahi kuchoma roho, hotuba zimewahi kuliza watu, lakini aya hii ya kamati, haina hata tamathali, watu waliichukua wakaenda nayo getini. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni lugha. Sheria za kazi zilikuwa za Kiingereza, zinahitaji mtu wa kukusomea. Mwongozo ulitoka kwa Kiswahili cha watu, ukasomwa redioni. Sababu ya pili ni wakati: mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kulikuwa na watu wazima mjini waliokuwa ndiyo kwanza wanajifunza kuunganisha silabi, na kitu walichopewa kukisoma kikawa kinasema kwamba bosi wako haruhusiwi kukutukana.

Migomo ikaanza mwaka uleule na kuendelea hadi 1973, na haikuwa migomo ya kawaida. Issa Shivji, Paschal Mihyo na Henry Mapolu, wasomi waliokuwa karibu na mambo yale, wameandika vizuri kuihusu, na wote wanaonyesha kitu kimoja: mara nyingi madai ya kwanza hayakuwa mshahara. Ilikuwa matusi. Ilikuwa upendeleo, kufukuzwa ovyo, ubaguzi wa rangi, mkubwa anayesema na watu wazima kama anafukuza kuku. Na mtindo mpya ukazuka. Badala ya wafanyakazi kutoka nje, walibaki ndani na kumfungia nje meneja. Kazi inaendelea, asiyetakiwa ni yeye tu.

Baba alifungiwa nje mwaka 1972.

Alinisimulia mara moja tu, akiwa amestaafu, na alisimulia akiangalia pembeni. Kiwandani kwao kulikuwa na upekuzi wa getini kila jioni, ili watu wasitoke na mali. Meneja mkuu alitaka uongezwe: watu wavue viatu, wanaume wafungue mikanda. Baba ndiye aliyeandika tangazo na kutia sahihi, maana mambo ya watumishi yalikuwa mezani kwake. Siku ya tatu, mzee mmoja wa idara ya kufungasha alivuliwa viatu, soksi zimetoboka, na watoto wake wawili walikuwa nje ya geti wamekuja kumpokea. Asubuhi yake baba na meneja mkuu walikuta geti limefungwa kwa mnyororo. Yule mzee alikuwa upande wa ndani na kijitabu mkononi. Alisoma kifungu cha 15 kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari, maana kusoma alikuwa amejifunza juzijuzi. Baba alisema watu mia kadhaa walisimama kimya wakimngoja amalize kila neno. Alipokosea, hakuna aliyecheka. Alipomaliza, alimwita baba kwa jina lake, akaongeza, “Ndugu, haya umeyasoma?”

“Ulimjibu nini?” nilimuuliza.

“Ningemjibu nini, mwanangu? Nilikuwa sijayasoma.”

Yaani afisa utumishi, kazi yake watu, na kijitabu kilikuwa kimelala ofisini kwake kwenye trei, kimeletwa na chama kwa ajili ya kusambazwa.

Sasa, hapa ndipo simulizi ya nyumbani na historia ya nchi vinapogongana, na siwezi kuipamba. Juni 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbele zaidi. Kiwanda kilikuwa cha mtu binafsi. Walimfungia nje mwenyewe wakasema watakiendesha wao, na serikali, baada ya kujadiliana, ikakubali. Fikiria habari hizo zilivyosikika kwenye viwanda vingine! Wa Rubber Industries wakajaribu hilohilo. Wao hawakukubaliwa. Waliambiwa huwezi kuachia kila kiwanda kichukuliwe hivyo, wakaondolewa, na wengine wakarudishwa makwao vijijini. Baada ya hapo upepo ukaisha. Serikali iliyotoa maneno iliogopa watu waliyoyachukulia maneno hayo kuwa ya kweli. Nasema hivyo bila kejeli: kulikuwa na vita vya ukombozi mpakani, uhaba wa chakula ulikuwa njiani, bei ya mafuta ilipanda mwaka uleule, na nchi haikuwa na mameneja wa kuchezea. Lakini ilitokea hivyo.

Kwa mameneja wenyewe mambo yaligeuka namna nyingine. Baba alirudishwa kazini baada ya mwezi, tangazo likafutwa, na tangu hapo, kwa maneno yake, akawa mtu wa kusalimia tu. Hakumwandikia mtu barua ya onyo kwa miaka minne. Mlevi alimwacha, mwizi alimwacha. Aliogopa mnyororo. Wala hakuwa peke yake, maana Nyerere, katika tathmini yake ya 1977 ya miaka kumi ya Azimio, alilalamika waziwazi juu ya uzembe kazini, akauita nao aina ya unyonyaji. Wasomi wengi wa mrengo wa kushoto huiona kauli hiyo kama kurudi nyuma. Mimi nimeishi na mtu aliyekuwa anaelezwa na kauli hiyo, na nadhani Mwalimu aliona kweli: hofu ya zamani ilikuwa imeondolewa, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Pale ambapo sitakubaliana naye ni kwamba mahali pake palikuwa na mtu wa kuwekwa. Yule mzee wa kufungasha, baba alikiri, alijua kila kitu kilichokuwa kinaibwa pale, na kilikuwa hakipiti getini. Kilipita kwenye vitabu vya stoo, kwa sahihi za wakubwa. Hakuna aliyemuuliza.

Na tusisahau kwamba wakati aya ya heshima inasomwa getini, serikali hiyohiyo ilikuwa imeajiri washauri wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani, kuisaidia kupanga upya utawala; mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 ulipita mikononi mwao. Kwa hiyo wazo kwamba sisi tulikuwa kisiwa, kisha “mawazo mapya” yakatufikia baada ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ya 1993, halina mguu. Washauri wenye michoro walikuwepo tangu zamani. Walisikilizwa mapema kuliko mzee.

Hata hiyo habari ya kiongozi mtumishi ina asili yake, na ni ya kifasihi, ndiyo maana nimeona niiandike hapa. Jina hilo linatoka kwa Robert Greenleaf, Mmarekani aliyefanya kazi kampuni ya simu ya AT&T kwa miongo mingi, na insha yake ilitoka 1970, mwaka mmoja tu kabla ya Mwongozo. Mwenyewe alieleza kwamba alilipata wazo kwenye riwaya ya Hermann Hesse kuhusu safari ya Mashariki: kuna mtumishi anayebeba mizigo ya wasafiri, anatoweka, msafara unasambaratika, na baadaye inajulikana kuwa yeye ndiye aliyekuwa kiongozi. Insha hiyo ilizaa semina, vyeti, na vitabu vya uwanja wa ndege. Ndugu yake wa Dar es Salaam alizaa minyororo ya geti, kisha akawekwa kabatini.

Riwaya zetu nazo zilimpita. Adam Shafi alikwenda kwenye mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948 akatupa Kuli. Kezilahabi alikwenda vijijini na operesheni akatupa Gamba la Nyoka. Kiwanda cha 1972, chenye meneja mweusi mwenye tai mpya nje ya geti, bado sijakutana nacho kwenye riwaya.

Siku ya pili ya semina mwezeshaji aliuliza nani ana mfano wa uongozi wa namna hii kutoka kwetu. Nilinyoosha mkono, nikaanza kusimulia. Nilipofika kwenye soksi, meneja wetu aliangalia saa, akasema tumepewa muda, labda ndugu atufupishie. Nikafupisha. Nilisema kulikuwa na kijitabu. Mama wa chai, aliyekuwa anakusanya vikombe nyuma, ndiye aliyekuja kuniuliza baadaye kama bado ninacho. Nilimpigia nakala ya ukurasa ule mmoja.