Tukutuku kubwa isiyo na kava: tujifunze kwanza kwa historia

Bandugu wahitimu, leo niongelee kitu ambacho vijana wengi wa Likasi tunakiota: tukutuku kubwa ya okazio, ile isiyo na kava, moteri yote iko wazi. Tunaiona kama mtindo mpya. Kumbe njo umbo la zamani kabisa.

Mwanzoni karibu tukutuku zote zilikuwa hivyo. Mwaka 1969 Honda ilitoa CB750: silinda nne, breki ya diski mbele. Mwaka 1976 BMW ikaleta R100RS yenye kava kubwa ya kukata upepo, na mwaka 1985 Suzuki GSX-R750 ikafanya kava kuwa fasheni ya vijana. Ducati ilipoanza kuuza Monster mwaka 1993, moteri ikarudi wazi. Kwa mnunuzi wa okazio hiyo ni faida: oili inayovuja na chuma kilichopinda havina pa kujificha.

Lakini kuona ubovu ni kitu kimoja, kuutengeneza ni kingine. Hapo historia ya mji wetu inasema zaidi ya ile ya Honda.

Likasi, Jadotville ya zamani, ilijengwa na mashine. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi: mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, nchi ikavurugika. Lakini moja bazee wetu wanaijua vizuri: pesa ya piyesi ilikosekana. Mafundi walikuwapo, akili ilikuwapo, mashine zikalala.

Mdogo wangu ameweka akiba miaka miwili, anataka ya sisi 1,100. Taxi-moto ya sisi 125 ikiharibika, piyesi anaipata sokoni na fundi yuko barabarani. Ile kubwa ina kabureta nne za kulinganisha; kipande kimoja kikikosekana, akiba yote inasimama chini ya mwembe.

Simkatazi. Namwambia alinganishe namba ya fremu na karatasi, awashe moteri ikiwa baridi, kisha aulize swali ambalo mji huu ulilipia ghali: piyesi itatoka wapi, na kwa pesa gani? Kama muuzaji hana jibu, bei nafuu haijawa nafuu bado.